Mauzo ya gereji

Makala hii inahusu mauzo ya vitu vya nyumbani nchini Marekani. Kwa mahali pa kutengenezea magari, tazama Karakana.

Mauzo ya gereji ni mauzo ya muda mfupi ya vitu vilivyotumika, yanayofanywa na mwenye nyumba kwenye makazi yake mwenyewe, hasa nchini Marekani na Kanada. Vitu hupangwa ndani ya gereji, kwenye njia ya kuingizia gari au juu ya nyasi za mbele ya nyumba, na wapita njia huja kuchagua na kupatana bei. Kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa wiki katika miezi ya joto, kuanzia asubuhi na mapema.

Ingawa ni shughuli ndogo ya kifamilia, katika miji mingi ya Marekani hairuhusiwi kuifanya bila kibali cha manispaa. Ndiyo maana watu wanaochunguza maisha ya viunga vya miji ya nchi hiyo hupenda kuitumia kama mfano: mtu amenunua nyumba pamoja na kiwanja chake, analipa kodi na mkopo kila mwezi, lakini ni mamlaka ya mji, na mara nyingi chama cha majirani pia, inayoamua ni siku ngapi kwa mwaka anaweza kuuza viti vyake vya zamani mbele ya mlango wake.

Jina

Kwa wasemaji wa Kiswahili neno "gereji" kwanza linaleta picha ya fundi, mafuta machafu na magari yaliyofunguliwa injini. Katika nyumba za Marekani gereji ni banda la kuegeshea gari, mara nyingi lililounganishwa na nyumba yenyewe na lenye mlango mpana unaoinuka juu. Mlango ule ukiinuliwa, banda linageuka duka: mvua ikinyesha bidhaa hazilowi, na jioni mwenye nyumba hufunga bila kuhamisha kitu.

Shughuli hiyohiyo ina majina mengine. Ikifanyika nje juu ya nyasi huitwa mauzo ya uwanjani. Familia inayohama huweka mauzo ya kuhama. Mauzo ya mali ya marehemu ni jambo tofauti kidogo, kwa sababu wanunuzi huruhusiwa kuingia ndani ya nyumba, vyumba vyote vikiwa wazi, na kazi huendeshwa mara nyingi na kampuni inayolipwa asilimia ya mapato. Miji mingi huyaweka yote haya chini ya kanuni moja.

Historia

Mtangulizi wa mauzo ya gereji ni mauzo ya vitu mchanganyiko yaliyofanywa na makanisa na vyama vya hisani tangu karne ya 19. Waumini walileta nguo, vyombo na vitabu wasivyovihitaji, vikauzwa ukumbini, na fedha zikaenda kwa maskini au kwenye ukarabati wa jengo. Jina la Kiingereza la mauzo hayo linatokana na neno la mabaharia lililohusu upangaji wa shehena ndani ya meli.

Tofauti kubwa ya mauzo ya gereji ni kwamba fedha zinabaki kwa mwenye vitu. Ili hilo lienee zilihitajika nyumba nyingi zenye nafasi mbele, magari ya kuwaleta wanunuzi, na vitu vingi kuliko matumizi. Mambo hayo matatu yalikutana baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mwaka 1934 serikali ya Marekani iliunda idara ya kudhamini mikopo ya nyumba. Kabla ya hapo mikopo mingi ilikuwa ya miaka michache tu, na deni kubwa lilibaki kulipwa kwa mkupuo mwishoni. Udhamini wa serikali ulifanya mkopo wa muda mrefu wenye malipo sawa ya kila mwezi kuwa jambo la kawaida. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa askari waliorudi vitani nafasi ya kununua nyumba bila malipo ya awali au kwa malipo madogo. Kati ya 1947 na 1951 kampuni ya familia ya Levitt ilijenga zaidi ya nyumba 17,000 huko Levittown, kwenye kisiwa cha Long Island karibu na jiji la New York, kwa kugawa kazi katika hatua ndogondogo kama kiwandani. Nyumba za kwanza zilikuwa na ukubwa wa takriban mita za mraba 70, na hazikuwa na gereji.

Neema hiyo haikuwafikia wote. Mikataba ya mwanzo ya Levittown ilikataza nyumba kukaliwa na watu wasio weupe, isipokuwa watumishi wa nyumbani. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kulazimisha utekelezaji wa masharti ya namna hiyo, lakini ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba ulikatazwa kwa sheria ya nchi nzima mwaka 1968 tu. Kufikia wakati huo kizazi kizima cha Wamarekani weusi kilikuwa kimekosa nafasi ya kujenga mali kupitia nyumba, na athari yake inaonekana hadi leo.

Mwaka 1940 takriban asilimia 44 ya kaya za Marekani ziliishi katika nyumba zao wenyewe. Mwaka 1960 zilikuwa asilimia 62. Katika miaka ya 1960 na 1970 mauzo ya gereji yalienea kiasi cha kuwa desturi, na manispaa zikaanza kuyatungia kanuni.

Kumiliki nyumba katika viunga

Anayesoma habari hizi akiwa Afrika ya Mashariki, ambako watu wengi hujenga polepole kwa fedha zao, tofali kwa tofali, anapaswa kukumbuka kwamba "mwenye nyumba" wa Marekani kwa kawaida ni mdaiwa. Mkopo uliozoeleka zaidi ni wa miaka 30 wenye riba isiyobadilika. Nyumba yenyewe ni dhamana, na asiyelipa hunyang'anywa. Hayo yaliwapata mamilioni ya familia katika msukosuko wa mikopo ulioanza mwaka 2007. Umiliki wa nyumba, uliokuwa umepita asilimia 69 mwaka 2004, ulishuka hadi karibu asilimia 63 mwaka 2016.

Juu ya mkopo kuna kodi ya majengo. Hii hutozwa na serikali za mitaa kulingana na thamani ya nyumba, na ndiyo nguzo kubwa ya bajeti za shule za umma. Viwango hutofautiana sana. Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, kwa hiyo kodi zake za majengo ni nzito. California iliweka kikomo mwaka 1978 kwa kura ya wananchi: kodi ya msingi haizidi asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na thamani hiyo haipandishwi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe au ijengwe upya. Mzee aliyemaliza mkopo wake zamani anaweza bado kushindwa na kodi ya majengo pale bei za nyumba za mtaa wake zinapopanda, ingawa pensheni yake haijapanda.

Kisha kuna bima, ambayo benki hailegezi, pamoja na paa, mabomba, mtambo wa joto na nyasi. Nyasi zinastahili kutajwa peke yake, maana miji mingi ina kanuni kuhusu urefu wake, na mwenye nyumba anayeziacha ziote huandikiwa faini kama aliyeziba barabara.

Nyumba zenyewe zimekua. Wastani wa ukubwa wa nyumba mpya ya familia moja ulikuwa takriban mita za mraba 154 mwaka 1973. Mwaka 2015 ulifikia takriban 250, wakati idadi ya watu katika kaya ilikuwa imepungua. Nafasi iliyoongezeka ilijazwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walichunguza kwa kina nyumba za familia 32 za tabaka la kati na kuchapisha matokeo yao katika kitabu mwaka 2012: gereji tatu kati ya nne hazikuweza kuingiza gari kwa sababu ya maboksi, samani na vitu vya watoto. Gari, lenye thamani kuliko vyote hivyo, lililala nje. Mauzo ya gereji basi ni njia ya kupata fedha kidogo, lakini kwa familia nyingi ni zaidi njia ya kupata nafasi.

Kibali

Marekani haina sheria ya taifa kuhusu mauzo ya gereji. Kanuni hutungwa na mji au kata, kwa madaraka yanayotoka jimboni, kwa hiyo nyumba mbili zinazotazamana kuvuka barabara zinaweza kuwa chini ya masharti tofauti ikiwa mpaka wa miji miwili unapita katikati.

Msingi wake ni sheria za mipango miji, ambazo hugawa eneo katika sehemu za makazi, biashara na viwanda. Mahakama Kuu ilizikubali mwaka 1926 katika kesi iliyohusu kijiji cha Euclid, Ohio, na tangu hapo zimeenea karibu kila mahali. Katika eneo la makazi duka haliruhusiwi. Kuuza vitu mbele ya nyumba, kwa tafsiri kali, ni kufungua duka. Kanuni ya mauzo ya gereji kwa hiyo ni ruhusa maalumu: inakubali biashara ndogo kwa siku chache na kuweka mstari ambao ukivukwa mwenye nyumba anahesabiwa kuwa mfanyabiashara.

Mfano mzuri ni jiji la Dallas, Texas. Nyumba moja inaweza kufanya mauzo mara mbili katika kipindi cha miezi 12, na kila mara yasizidi siku tatu mfululizo. Hairuhusiwi kuuza bidhaa zilizonunuliwa kwa nia ya kuziuza tena kwenye mauzo hayo. Katika miji mingine kikomo ni mara tatu au nne kwa mwaka. Baadhi hutaja saa za kuanza na kufunga. Baadhi hukataza kuweka vitu kwenye njia ya waenda kwa miguu. Iko miji inayotoa kibali bure, na mingi hutoza ada ndogo. Iko pia isiyodai kibali kabisa lakini inayoweka idadi ya siku.

Utaratibu ni mwepesi. Mwombaji hujaza fomu, siku hizi mara nyingi kwenye tovuti ya mji, akitaja anwani na tarehe. Akishalipa hupewa kibali ambacho katika miji mingi lazima kibandikwe mahali kinapoonekana. Mpangaji anaweza kudaiwa idhini ya mwenye nyumba. Mvua ikiharibu siku, miji kadhaa huruhusu tarehe nyingine bila ada mpya.

Sababu zinazotolewa na manispaa ni zilezile kila mahali: magari yaliyoegeshwa ovyo, mabango yanayobaki kwenye nguzo wiki nzima, na vitu vilivyoachwa nje usiku. Wasiwasi mkubwa zaidi ni watu wanaofanya mauzo kila Jumamosi mwaka mzima, wakiuza bidhaa mpya bila leseni wala kodi, huku mwenye duka wa mji huohuo akilipa vyote viwili. Polisi pia huongeza hofu ya vitu vya wizi.

Upande wa pili nao una hoja. Ada ndogo si ndogo kwa mtu ambaye mauzo yote ya siku hayafiki dola 60. Mauzo ya mara kwa mara huonekana zaidi katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, ambako ni sehemu ya riziki ya familia na si kazi ya kusafisha gereji, na ndiko faini huuma. Utekelezaji nao hutegemea malalamiko: mkaguzi wa mji hafiki mpaka jirani apige simu. Kanuni inayosimamiwa kwa simu ya jirani humlinda mwenye majirani wema na kumwumiza mwenye ugomvi, au anayetazamwa kama mgeni mtaani. Manispaa zinazotambua hilo hutenga mwishoni mwa wiki moja au mbili kwa mwaka ambapo mji mzima huruhusiwa kuuza bila kibali, na siku hizo huwa kama sikukuu.

Mabango

Tangazo la kadibodi lenye mshale kwenye kona ya barabara ndiyo sehemu ya mauzo inayoleta faini nyingi. Miji kwa kawaida hukataza mabango kwenye nguzo za umeme, alama za barabarani na ardhi ya umma, na huruhusu machache kwenye kiwanja cha mwuzaji au cha jirani aliyekubali.

Hata hivyo mamlaka ya mji juu ya mabango ina mipaka inayotokana na katiba. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ilibatilisha kanuni ya mji wa Willingboro, New Jersey, iliyokataza mabango ya "Nyumba inauzwa". Willingboro ulikuwa mojawapo ya miji iliyojengwa na Levitt. Viongozi wake walitaka kuzuia hofu iliyowafanya wakazi weupe kuuza na kuondoka kwa wingi familia nyeusi zilipohamia. Mahakama ilikubali kwamba lengo lilikuwa jema, lakini ikasema mji hauwezi kuwaficha wakazi habari kwa kuogopa watakavyozitumia. Mwaka 2015, katika kesi ya mji wa Gilbert, Arizona, iliyoletwa na kanisa dogo na mchungaji wake, Mahakama hiyo ilikataa kanuni zinazogawa mabango kwa kutazama maneno yaliyoandikwa na kuyapa masharti tofauti. Uamuzi huo uliilazimisha miji mingi kuandika upya kanuni zake, na mabango ya mauzo ya gereji yakiwemo.

Vyama vya wenye nyumba

Wamarekani zaidi ya milioni 70 wanaishi katika mitaa au majengo yenye chama cha lazima cha wenye nyumba. Anayenunua nyumba humo hujiunga papo hapo, hulipa ada na kufuata masharti yaliyosajiliwa pamoja na hati ya kiwanja. Masharti hayo yanaweza kuwa makali kuliko ya mji: rangi ya mlango, aina ya uzio, muda wa kuacha mlango wa gereji wazi. Vyama vingi hukataza mauzo ya mtu mmojammoja na kupanga siku moja ya mtaa wote. Kibali cha manispaa hakimwondolei mwenye nyumba wajibu kwa chama, na kinyume chake pia. Faini za chama zisipolipwa, katika majimbo mengi deni linaweza kusajiliwa juu ya nyumba yenyewe.

Kodi na usalama wa bidhaa

Kwa sheria ya kodi ya mapato ya Marekani, anayeuza kitu chake cha nyumbani kwa bei ya chini kuliko aliyonunulia hana mapato ya kukatwa kodi, wala hawezi kudai hasara. Akipata faida, kwa mfano kwa kitu cha kale, faida hiyo hutozwa kodi. Majimbo mengi pia husamehe mauzo ya nadra kodi ya mauzo.

Usalama wa bidhaa hausamehewi. Tangu sheria ya mwaka 2008 ni kosa kuuza bidhaa iliyoamriwa kurudishwa kwa watengenezaji kutokana na hatari, hata kama mwuzaji ni familia na bidhaa ni kuukuu. Jambo hili lina uzito hasa kwa vitanda vya watoto wachanga vyenye upande unaoshuka. Vilipigwa marufuku mwaka 2011 baada ya watoto kadhaa kufa kwa kubanwa au kukosa hewa, na vingi bado vimehifadhiwa katika magereji.

Siku ya mauzo

Wanunuzi wa kwanza hufika kabla ya saa iliyotangazwa. Wengi wao ni wafanyabiashara wa vitu vya kale wanaojua wanachotafuta. Bei huandikwa kwenye vibandiko, lakini kupunguziana kunatarajiwa, jambo lisilo la kawaida katika maduka ya Marekani; mtu wa Kariakoo angejisikia nyumbani. Alasiri bei hushuka, na mwisho vitu huwekwa kando ya barabara vikiwa na karatasi inayosema ni bure.

Mwanaanthropolojia Gretchen Herrmann, aliyechunguza mauzo haya kwa miaka mingi katika jimbo la New York, alionyesha kwamba hayawi biashara kamili. Mwuzaji humsimulia mnunuzi historia ya kitu, humpunguzia mama mwenye watoto wengi, na mara nyingine hutoa bure kwa mtu anayeona atakitunza. Msanii Martha Rosler aligeuza jambo hilo kuwa sanaa mwaka 1973 alipofanya mauzo ya gereji ndani ya jumba la maonyesho mjini San Diego. Mwaka 2012 aliyarudia kwa ukubwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa mjini New York.

Hadithi za bahati ni nyingi, na chache ni za kweli. Bakuli dogo jeupe lililonunuliwa kwa dola 3 katika jimbo la New York mwaka 2007 lilitambuliwa kuwa kazi ya Kichina ya enzi ya Song ya Kaskazini, la umri wa takriban miaka 1,000. Mwaka 2013 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2.2.

Mauzo marefu kuliko yote hufuata barabara kuu ya 127 na njia zinazoungana nayo, kutoka Michigan hadi Alabama, umbali wa takriban kilomita 1,110 kupitia majimbo sita. Yalianzishwa mwaka 1987 huko Jamestown, Tennessee, ili kuwavuta wasafiri waache barabara kubwa za kasi na kupita katika miji midogo. Hufanyika kila mwaka mwanzoni mwa Agosti kwa siku nne.

Tangu miaka ya 1990 intaneti imechukua sehemu ya biashara hii. eBay na Craigslist zilianza mwaka 1995, na soko la Facebook mwaka 2016. Vitu vyenye thamani huuzwa huko kwanza, kwa hiyo meza za gereji zimebaki na nguo, vyombo na vitu vya watoto.

Vitu visivyouzwa

Kinachobaki jioni hupelekwa mara nyingi kwenye mashirika kama Goodwill na Jeshi la Wokovu, ambayo yana maduka yao ya vitu vilivyotumika. Nguo zisizonunuliwa hata huko huuzwa kwa wafanyabiashara, hufungwa marobota na kusafirishwa ng'ambo. Sehemu yake huingia kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam na kufika masoko ya mitumba kama Gikomba mjini Nairobi.

Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza uagizaji wa mitumba ili kulinda viwanda vya nguo. Marekani ilipinga, na nchi nyingine zikalegeza msimamo. Rwanda iliendelea na ushuru wake wa juu. Mwaka 2018 Marekani ilisimamisha nafuu ya kuingiza nguo za Rwanda bila ushuru katika soko lake.